Tone Moja kwa Wakati: Kusafisha na Kutia Mafuta Projekta Kuukuu ya Filamu

Mwaka jana mwalimu mmoja mstaafu aliniletea projekta ya milimita 16 iliyokuwa imelala stoo ya shule upande wa Siaya kwa miaka mingi. Alipanda nayo matatu hadi Kisumu akiwa ameipakata mapajani kama mtoto. Nilishika kile kisahani cha kuzungushia kwa mkono, hakikusogea hata unywele. Nilipofungua kifuniko cha nyuma nikaona sababu: mtu fulani, kwa nia njema kabisa, alikuwa amemimina mafuta ya kupikia kwenye gia. Mafuta ya kupikia yakikaa hewani kwa muda mrefu hugeuka utomvu, na utomvu ule ulikuwa umeshika kila ekseli kama gundi ya seremala. Hapakuwa na kilichovunjika wala kilicholika. Ilichukua siku tatu kusafisha, nusu saa kutia mafuta, na jioni ya siku ya nne mashine ikazunguka.

Nimeyaona haya mara nyingi. Projekta hizi haziuawi na uzee. Zinauawa na mafuta: yaliyokauka, yaliyozidi, ya aina isiyofaa, au yaliyowekwa mahali ambapo hayakutakiwa kabisa. Ndiyo maana katika mwongozo huu nitatumia muda mwingi zaidi kwenye kuondoa mafuta ya zamani kuliko kwenye kutia mapya. Anayetaka kuanza na chupa ya mafuta mkononi ameanza mwisho.

Ninazungumzia hasa mashine za milimita 16, kwa kuwa ndizo zilizobaki kwetu. Filamu ya upana huo ilitolewa na Kodak mwaka 1923, na kwa miongo mingi ndiyo iliyotumika shuleni, makanisani na kwenye magari ya sinema yaliyokuwa yakisimama uwanjani jioni, shuka jeupe likatundikwa, na kijiji kizima kikakaa chini kwenye nyasi. Mashine hizo bado zipo. Ziko juu ya kabati, chini ya ngazi, nyuma ya viti vibovu. Nyingi zinaweza kuamka.

Kwanza elewa kinachofanyika ndani

Filamu yenye sauti hupita kwa kasi ya picha 24 kwa sekunde. Haipiti kwa mtiririko mmoja. Kila picha husimama tuli mbele ya taa, kisha ukucha mdogo wa chuma huingia kwenye matundu ya pembeni, huvuta filamu chini hatua moja, hutoka, hupanda, huingia tena. Piga hesabu: mara 24 kwa sekunde ni mara 1,440 kwa dakika, na mara 86,400 kwa saa. Ukucha huo hufanya safari nyingi kwa saa moja ya sinema sawa na idadi ya sekunde zilizomo kwenye siku nzima. Nyuma yake kuna kamu, kile kisahani chenye upande uliotokeza kinachousukuma. Hapo ndipo chuma husugua chuma bila kupumzika, na hapo ndipo mafuta yana thamani kuliko mahali pengine popote kwenye mashine.

Sehemu nyingine zote, yaani magurudumu ya meno, mikono ya rili, feni na mota, zinazunguka kwa utulivu. Zinahitaji mafuta pia, lakini kidogo, na huvumilia kusahauliwa. Kamu na ukucha havivumilii.

Vitu vya kuweka mezani

Hakuna cha kuagiza mbali. Nunua chupa ndogo ya mafuta ya cherehani, yale meupe yasiyo na harufu kali. Nunua kikopo cha grisi nyeupe ya lithiamu. Maduka ya vipuri vya magari wanayo. Kemisti watakuuzia alkoholi ya isopropili. Omba ile ya kiwango cha juu, asilimia 99 ikipatikana, kwa sababu ile ya asilimia 70 ina maji mengi na maji kwenye chuma tupu ni kutu. Hapo hapo kemisti chukua vijiti vya pamba na sindano mbili za plastiki zenye ncha nyembamba. Sindano ndiyo itakayokuwezesha kuweka tone moja mahali pamoja. Kopo la kunyunyizia haliwezi.

Ongeza brashi ndogo za rangi, mswaki wa zamani, kitambaa cha pamba kisichoacha nyuzi, vijiti vya mwanzi vya kuchokolea meno, tochi, na bisibisi zinazokaa sawasawa kwenye skrubu. Bisibisi isiyolingana huvunja kichwa cha skrubu, na skrubu nyingi za mashine hizi si za kipimo utakachokipata soko la Kibuye hapa Kisumu. Tafuta pia trei ya mayai. Kila kijumba weka skrubu za sehemu moja, kwa mpangilio uliozitoa. Piga picha kwa simu kila unapofungua kitu, hata kama una hakika utakumbuka.

Vitu vya kutoweka mezani: mafuta ya kupikia, mafuta ya kujipaka, oili ya injini iliyotumika, na yale makopo ya dawa ya kulegeza kutu. Hii ya mwisho watu hubishana nami sana. Dawa ya kulegeza kutu hulegeza kweli, na ndiyo tatizo lenyewe. Huyeyusha mafuta mazuri yaliyomo, huyaosha, kisha yenyewe hupotea hewani, na kufikia wiki ya pili mashine inazunguka kavu. Petroli na thina pia zikae mbali. Petroli italipuka, thina itakula plastiki, rangi na maandishi ya vipimo.

Kabla ya kuchomeka plagi

Usichomeke. Hili ndilo kosa la kwanza la kila mtu: hamu ya kuona kama taa inawaka. Mashine iliyokwama ikipewa umeme, mota husukuma, gia hukataa, na kinachokuwa dhaifu zaidi kati ya hivyo viwili huvunjika.

Geuza mashine, utafute bamba la vipimo, halafu soma mambo mawili. La kwanza ni volti. Hapa Kenya umeme wa nyumbani ni volti 240. Mashine nyingi zilizokuja na misaada kutoka Marekani ni za volti 120 na zinahitaji transfoma ya kushusha, yenye uwezo unaozidi wati za taa na mota kwa pamoja. La pili watu hawaliangalii: hezi (Hz), yaani mizunguko ya umeme kwa sekunde. Umeme wetu ni hezi 50, wa Marekani ni hezi 60. Transfoma hushusha volti, haigusi hezi. Mota ya kawaida iliyoundwa kwa hezi 60 ikiendeshwa kwa hezi 50 huzunguka kwa sehemu tano kati ya sita za kasi yake, kwa hiyo picha 24 kwa sekunde zinakuwa 20, na mwimbaji wa sauti nyororo anakuwa mzito kama mwenye mafua. Baadhi ya mashine zina puli ya ngazi mbili, moja ya hezi 50 na moja ya hezi 60, na unahamisha tu mkanda. Angalia hapo kabla hujailaumu mota.

Kagua waya wa umeme. Mpira uliopasuka au waya uliokatika katika shingo ya plagi, badilisha wote. Kama mashine ni ya enzi za valvu, zile taa za kioo za redio za zamani, jua kwamba kapasita zake hubaki na umeme hata plagi ikiwa mkononi mwako. Mwachie fundi wa redio upande huo wa amplifaya. Na kwenye nyumba ya taa ya mashine za zamani sana, waya unaweza kuwa umevikwa asbesto, ile ngozi ya kijivu yenye nyuzinyuzi. Usiikwangue, usiipige brashi, usiipulize. Iache ilivyo.

Sasa zungusha kwa mkono. Karibu kila mashine ina kisahani au kitufe cha kuzungushia taratibu. Kizungushe upande wa mshale tu. Mzee aliyenifundisha kazi hii, aliyezunguka na gari la sinema Nyanza hadi Magharibi, alikuwa akinishika mkono na kuuweka juu ya kisahani kile. "Kijana, usiangalie. Hisi." Kuna uzito wa aina tatu. Uzito laini wa mfululizo, kama kukoroga uji, ni grisi iliyoganda. Uzito unaokuja na kuondoka kila mzunguko ni kitu kilichopinda au jino la gia lenye uchafu. Na kusimama ghafla kabisa ni kukwama, na hapo huongezi nguvu hata chembe.

Kuondoa mafuta ya zamani

Fungua vifuniko vya nyuma na vya pembeni. Anza na brashi kavu: vumbi, utando wa buibui, nyuzi. Mara nyingi kuna viota vya nyigu wa udongo ndani ya bomba la feni, kwa hiyo mulika tochi humo.

Kisha grisi. Ile iliyogeuka rangi ya asali na ugumu wa nta itoe kwanza kwa kijiti cha mwanzi. Usitumie bisibisi, utaacha mkwaruzo ambao utakula jino la pili. Grisi ikikataa, ipashe joto kwa mashine ya kukausha nywele ya saluni, ukiiweka umbali wa shubiri moja, dakika mbili tatu, huku unazungusha kisahani kidogo kidogo kwenda mbele. Nimefungua mashine za Elmo zilizokuwa zimekwama kabisa kwa njia hii tu, bila kutoa hata skrubu moja ya ndani. Joto huingia mahali ambapo brashi haifiki.

Gia za chuma tupu zisafishe kwa mswaki ulioloweshwa mafuta ya taa kidogo, kisha zipanguse na uzimalizie kwa alkoholi, maana mafuta ya taa huacha utando. Gia za plastiki zisafishe kwa kitambaa kikavu na alkoholi kidogo tu. Mafuta ya taa yasiziguse.

Hapa kuna jambo ambalo mafundi wazuri wa pikipiki na majenereta hukosea wakija kwenye projekta. Wamezoea kutoa kipande, kukizamisha kwenye kopo la petroli, na kukirudisha kikimeremeta. Bushi nyingi za projekta, yaani zile pete ambamo ekseli huzungukia, ni za bronzi iliyoshindiliwa kutoka unga, yenye vinyweleo vidogo vilivyonyonya mafuta kiwandani. Bushi ya namna hiyo ni kama sponji. Ukiizamisha kwenye kiyeyusho, umeikamua. Itaonekana safi, itazunguka vizuri siku ya kwanza, kisha italia. Ipanguse kwa nje tu, utie tone la mafuta, uiache usiku kucha inywe. Kesho yake utakuta tone limepotea. Tia lingine.

Simama kidogo kama mashine ni Bell & Howell

Mashine za Bell & Howell za miaka ya baadaye ndizo nyingi nilizokutana nazo, na zina ugonjwa mmoja unaojulikana duniani kote: gia ya msokoto ya plastiki iliyo juu ya ekseli inayokwenda kwa ukucha na kifunga mwanga. Plastiki hiyo husinyaa na kupasuka kwa umri, hata kama mashine haikutumika. Imulike tochi, izungushe polepole, na uitazame duara zima. Ufa mwembamba kama unywele unatosha kuiondoa kwenye kazi. Ukiwasha mashine yenye ufa huo, gia hufunguka, meno yake hukatika, na vipande huingia kwenye gia nyingine.

Hakuna mafuta yatakayotibu ufa. Gundi pia haitibu. Gia mpya hutengenezwa bado na watu wachache nje ya nchi, na kuifunga kunataka kifunga mwanga kipangwe upya ili kizibe mwanga wakati filamu inasogea. Kikichelewa au kikiwahi, maandishi meupe kwenye skrini hutiririka juu au chini kama wino uliomwagikiwa maji. Kama hujawahi kufanya kazi hiyo, tafuta aliyewahi. Mimi ya kwanza niliipanga mara tano kabla ya maandishi kutulia.

Kutia mafuta

Sasa sindano. Sheria yangu ni hii: mafuta mepesi kwa kinachozunguka kwa kasi, grisi kwa meno yanayosukumana polepole, na hakuna chochote kwa kinachogusa filamu.

Kitabu cha mashine kikiwepo, kifuate chenyewe, siyo mimi. Kisipokuwepo, tafuta vitundu vidogo kwenye mwili wa mashine, mara nyingi vimezungushiwa rangi au vina neno la mafuta pembeni. Kila kitundu tone moja, mawili kwa mota. Yakizidi yatatoka upande wa pili, na upande wa pili mara nyingi ni lenzi, mkanda au filamu.

Kwenye kamu na ukucha, tafuta kipande cha felti, kile kitambaa kizito cha sufu kilichobanwa kwenye kamu au karibu nayo. Kazi yake ni kunywa mafuta na kuyapakaza kidogo kidogo mashine ikizunguka. Mashine za Eiki zina felti hiyo, na ikikauka, ukucha huanza kugonga kama cherehani yenye sindano iliyolegea. Igusishe sindano, sukuma tone, ngoja linywewe, sukuma lingine, hadi felti iwe na unyevu bila kuchuruzika. Ikiwa imekuwa ngumu kama kadibodi, isafishe kwa alkoholi, iache ikauke, ndipo uinyweshe. Pale kamu inaposugua fremu ya ukucha, weka pia grisi ya lithiamu kiasi cha mbegu ya ufuta kama muundo wa mashine yako unaonyesha palikuwa na grisi. Masalia ya zamani ndiyo kitabu chako: palipokuwa na grisi rudisha grisi, palipokuwa na mafuta rudisha mafuta.

Meno ya gia yapake grisi kwa brashi nyembamba, safu ambayo ukitazama kwa upande unaona mng'ao lakini huoni rangi nyeupe. Zungusha kwa mkono mizunguko ishirini, kisha panguza kile kilichosukumwa pembeni. Kwa gia za nailoni grisi nyeupe ya lithiamu yatosha, nayo iwe chembe.

Mikono ya rili, tone kwenye kila ekseli. Ila ukiona diski mbili zimebanwa na springi zenye kitambaa au ngozi katikati, usiguse. Hiyo ni klachi inayotakiwa kuteleza kwa kiasi ili filamu isivutwe kwa nguvu kadiri rili inavyojaa. Mafuta yakiingia, rili ya chini haitavuta tena, na filamu itajirundika sakafuni wakati watu wamekodoa macho kwenye skrini.

Sehemu ya sauti

Nataka kukaa hapa kidogo, kwa kuwa ndipo mashine nyingi zilizotengenezwa vizuri huharibiwa dakika ya mwisho.

Pembeni mwa filamu kuna mstari wa sauti. Balbu ndogo huangaza kupitia mstari huo, jicho la umeme upande wa pili husoma mwanga unavyopanda na kushuka, na amplifaya hugeuza hayo kuwa sauti. Filamu inaposomwa hapo lazima iende kwa mtiririko mmoja kamili, tofauti kabisa na kule kwenye ukucha inakorukaruka. Kazi ya kuituliza ni ya ngoma ya sauti, na nyuma ya ngoma kuna flaiwili, gurudumu zito la kutuliza mwendo. Ndiyo maana sauti kwenye filamu ya milimita 16 imechapwa picha 26 mbele ya picha yake: ile nafasi ndiyo safari kutoka kwenye geti, pale picha inaposimama mbele ya taa, hadi kwenye ngoma. Kitanzi cha chini, ule mkunjo uliolegea wa filamu chini ya geti, ukikifanya kirefu au kifupi kupita alama, midomo na maneno vinaachana.

Ekseli ya ngoma ikikauka, sauti huyumba. Piano hulia kama inazama majini. Watu hudhani amplifaya imeharibika na kuanza kubadilisha vifaa. Zungusha flaiwili kwa kidole, iache. Ikizunguka muda mrefu na kusimama polepole, iko sawa, usiiguse. Ikisimama mapema, toa flaiwili, panguza ekseli, weka tone moja la mafuta mepesi, rudisha. Grisi hapa ni marufuku. Na uso wa ngoma yenyewe usafishe kwa alkoholi hadi kijiti cha pamba kitoke cheupe, kwa sababu filamu inaishika ngoma kwa msuguano tu. Alama ya kidole chenye mafuta inatosha kuifanya iteleze.

Lenzi ndogo ya sauti, ile iliyo mbele ya balbu ya sauti, ipanguse kwa kijiti kikavu. Vumbi hapo hufanya sauti iwe kama mtu anazungumza akiwa amefunikwa blanketi. Usilegeze skrubu zake, zilipangwa kwa kipimo.

Njia ya filamu, mikanda na taa

Kila mahali filamu inapopita pawe pakavu. Fungua geti, toa vipande vya filamu na utando wa kahawia uliogandamana kwa kijiti cha mwanzi, kisha alkoholi. Usitumie chuma kamwe: mkwaruzo mmoja kwenye geti utachora mstari kwenye kila filamu itakayopita, kutoka mwanzo hadi mwisho. Pitisha mswaki kwenye magurudumu ya meno. Jino lililopinda kama ndoana litararua matundu. Usilipige tupa, tafuta gurudumu jingine.

Mikanda ya mpira ya zamani ama imekuwa migumu ama imeyeyuka ikawa lami nyeusi. Lami hiyo hutoka kwa alkoholi na subira nyingi, na hushika nguo milele. Badala yake nimepata pete za mpira kwenye maduka ya vipuri vya pampu za maji na haidroliki. Pima kwa uzi mahali mkanda unapopita, chukua pete fupi kidogo kuliko uzi. Ikikaza mno itapinda ekseli ya mota.

Balbu ya halojeni usiishike kwa vidole vitupu, mafuta ya ngozi huchemka juu ya kioo na kukipasua. Mashine nyingi za Eiki na Elmo hutumia balbu yenye alama ELC, ya volti 24 na wati 250, na hiyo bado inauzwa. Hakikisha feni inazunguka kabla ya kuwasha taa.

Kuwasha kwa mara ya kwanza

Washa mota bila taa na bila filamu, dakika tano. Weka kiganja juu ya mwili wa mashine. Mtikisiko uwe mdogo na wa mfululizo. Zima, gusa mota: ikiwa na joto unaloweza kulivumilia, sawa. Ikiunguza, kuna kavu mahali. Panguza mafuta yaliyorushwa. Rudia kwa dakika kumi na tano, sasa na taa.

Halafu pitisha mita kadhaa za filamu isiyo na thamani. Itoe, itazame matundu yake kwenye mwanga wa dirisha. Kingo zikiwa na mikunjo midogo au nyota za mpasuko, vitanzi havijakaa sawa au shinikizo la geti limezidi. Ikiwa na mstari wa mafuta, rudi ukapanguze. Filamu ya ukumbusho isipite hapo hadi kipande cha majaribio kitoke kama kilivyoingia.

Na filamu yenyewe uipime. Ile ya zamani husinyaa. Weka picha 100 za filamu yako sambamba na picha 100 za filamu mpya. Ikiwa fupi kwa picha moja nzima, imesinyaa asilimia 1, na ukucha utaanza kukosa matundu. Hiyo usiiweke kwenye mashine. Ikinuka siki, asetati yake inaoza, na mvuke wake huozesha zilizo jirani: itenge leo hii, kopo lake lipate hewa.

Mashine za ukumbini

Ukibahatika kukuta mashine ya milimita 35, haina ukucha. Ina msalaba wa Malta, gurudumu lenye mikono minne linalorushwa hatua kwa hatua, limefungwa ndani ya sanduku lililojaa mafuta. Kuna kidirisha cha kioo cha kuonyesha kiwango. Kiangalie kabla ya kila onyesho. Sanduku hilo likiendeshwa kavu kwa dakika chache tu, limekwisha, na bei ya lingine itakukatisha tamaa. Mafuta yakiwa meusi au yana vumbi la fedha linalometameta, yamwage ukiwa umeizungusha mashine ikapata joto kidogo, kisha jaza hadi alama, si zaidi.

Kisumu si Nakuru

Kando ya ziwa adui ni unyevu. Chuma kilichosafishwa kwa alkoholi kikabaki tupu kitashika kutu msimu mmoja, kwa hiyo kipanguse na kitambaa chenye mafuta ya cherehani kidogo kabla ya kufunga. Lenzi huota ukungu unaofanana na utando wa buibui. Itunze peke yake kwenye kopo lenye vifuko vya jeli ya silika, na vifuko hivyo vikaushe kwenye joto la chini kila baada ya miezi miwili. Mchele haufai. Hunyonya kidogo na huacha unga.

Ukionyesha filamu nje usiku upande wa Dunga, wale wadudu wa ziwani watakuja kwenye taa kwa maelfu. Huingia kwa feni, hufia kwenye geti, na mafuta ya miili yao hukauka yakawa gundi. Funga soksi nyepesi ya neti kwenye mdomo wa feni, yenye matundu yasiyozuia hewa, na usafishe geti kila unapobadilisha rili. Rili ya futi 1,600 ni dakika 44 hivi, muda mrefu kwa wadudu.

Nakuru hewa ni kavu na lenzi hukaa safi zaidi, lakini vumbi ni tatizo. Lile jeupe la upande wa Kariandusi, kunakochimbwa diatomiti, lina ukali wa kusugulia chuma. Likikutana na mafuta yaliyozidi, unapata dawa ya kusagia gia. Huko punguza mafuta, weka kidogo na mara nyingi, na usiiache mashine bila kifuniko hata saa moja. Mfuko wa plastiki usiutumie, ni jasho tupu. Shona kifuniko cha kitambaa cha pamba.

Mahali pote, izungushe mashine angalau dakika kumi na tano kila baada ya miezi mitatu, hata kama hakuna onyesho. Mimi hurudia mafuta ya kamu kila baada ya saa ishirini za kazi, na kwingineko mara moja kwa mwaka. Ndani ya kifuniko nabandika karatasi: tarehe, mafuta gani, wapi, matone mangapi. Ile ya mwalimu wa Siaya ina mistari minne sasa. Mstari wa kwanza nimeandika kwamba mafuta ya kupikia yametolewa yote, ili atakayeifungua baada yangu asiyatafute.